Mashuka na mapazia ya Karume: vipimo, kitambaa na mama mkwe

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, anauliza:

"Shikamoo mama. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga: chumba chetu, cha mtoto na sebule. Nikipata upenyo tu nashuka soko la mitumba la Karume kuchambua mashuka, mapazia na vyombo. Ile raha ya kuvuta kitambaa kizuri kutoka chini ya rundo siwezi kuieleza. Lakini kabati limejaa. Mashuka mengine hayaenei godoro letu la tano kwa sita, pazia moja jekundu lilichuja likaharibu nguo za mtoto, na mume wangu ananiuliza leseni ya biashara nimekata lini. Mama mkwe alipokuja alilisifu pazia la sebuleni, ila alipojua shuka ni la mtumba akatandika khanga yake juu ndipo akalala. Niache, au kuna namna ya kuchagua? Na vifaa vya umeme vya mtumba vikoje? Nimeonyeshwa blenda ya Kijapani, bei ya kutupwa."

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Usiache. Jicho unalo, maana pazia lililosifiwa na mama mkwe halikujichagua lenyewe. Kinachokukwamisha ni kwamba unaingia sokoni na hela na hamu, vipimo vya nyumba umeviacha Mbagala. Mimi ni fundi wa mapazia na mashuka hapa Ilala, na kazi nyingi zinazoletwa mezani kwangu ni za kurekebisha mali ya Karume iliyonunuliwa kwa macho. Pazia zuri kabisa, fupi kwa shibiri. Shuka laini ajabu, godoro haliingii. Mwenyewe anataka nimwongezee kipande, na kipande cha rangi ile hakipo sokoni wala dukani. Kwa hiyo kabla sijakufundisha kitambaa, nakutuma kwanza chumbani kwako.

Chukua futi kamba. Pima godoro urefu, upana na unene. Pima fimbo ya pazia kila dirisha, kutoka ncha hadi ncha, kisha kimo kutoka kwenye fimbo mpaka unapotaka pazia liishie. Pima meza na viti vya makochi. Andika yote kwenye simu, na futi kamba yenyewe iishi ndani ya pochi. Muuzaji akinuna ukipima, mwache anune. Hela ni yako.

Vitanda vyetu tunavitaja kwa futi, na mashuka ya belo, yaani robota la mitumba, yametoka Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada, kila nchi na desturi yake. Godoro lako la tano kwa sita ni takriban sentimita 152 kwa 183. Shuka la lastiki la Kiingereza linalokufaa ni lile lililoandikwa King, 150 kwa 200. Litazidi kidogo kwa urefu, unalichomeka chini, basi. Linaloitwa Double ni 135 kwa 190, na nadhani hayo ndiyo yamejaa kwenye kabati lako, yale yanayofika kona tatu na kugoma ya nne. Sasa angalia mtego: King ya Marekani ni sentimita 193 kwa 203, kubwa kuliko hata kitanda cha sita kwa sita. Ukikutana na lebo ya Kimarekani, tafuta Queen, inchi 60 kwa 80. Kwa hiyo usisome jina la saizi peke yake, soma namba. Mwenye kitanda cha sita kwa sita atafute 180 kwa 200, ambayo ni saizi ya kawaida Ujerumani na Waingereza huiita Super King. Shuka lisilo na lastiki ni rahisi zaidi: kwa godoro lako la unene wa inchi sita hivi, lisipungue sentimita 220 kwa 250 ili upate cha kuchomeka pande zote. Godoro likiwa nene, inchi nane au kumi, ongeza, na kwa mashuka ya lastiki angalia kina cha pembe, maana yapo yaliyoshonwa kwa magodoro membamba tu.

Mapazia yana hesabu yake, na hapa ndipo hela nyingi inapopotelea. Pazia lililonyooka kama turubai halipambi nyumba, linataka mikunjo. Chukua upana wa fimbo uzidishe kwa mbili. Ukibana matumizi, kwa moja na nusu. Fimbo ya sentimita 180 inataka kitambaa cha sentimita 270 mpaka 360. Mapazia ya Kiingereza kwao huuzwa kwa jozi, na lebo hutaja inchi za upana kwanza, kisha za kimo: 46 kwa 54, 66 kwa 72, 90 kwa 90. Upana huo ni wa kipande kimoja. Jozi ya 66, ukiviweka vipande vyote viwili pamoja, ni kama sentimita 335, na kwenye fimbo ya 180 inakaa vizuri kabisa.

Kimo ndicho kinachowaumiza wengi. Nyumba nyingi za Ulaya zina chuma cha kupasha joto chumba chini ya dirisha, kwa hiyo pazia huishia juu yake. Ndiyo maana sokoni unakuta mapazia mengi mafupi, ya inchi 54 na 72, yamefumwa vizuri, bei rahisi, na yote yataishia kabla ya kufika sakafu yako. Fimbo ikiwa futi saba kutoka chini, unahitaji sentimita 213 ndipo pazia likaribie sakafu. La inchi 72 ni sentimita 183 tu. La inchi 90 ni kama 229, unakunja pindo kubwa, na pindo kubwa hulifanya pazia litulie. Yale mafupi nunua kwa dirisha la jikoni, au kwa kuvalisha makochi na mito.

Na kila mara uliza la pili lake. Muuzaji akikuambia mwenzake alishachukuliwa, ulichoshika si pazia tena, ni kitambaa cha foronya. Kilipie bei ya foronya.

Pazia lenye bitana lina thamani zaidi kwa chumba kinachopigwa na jua la alasiri, lakini bitana ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitazama jua miaka yote. Bana bitana kwenye ule ukingo uliokuwa ukikaa karibu na kioo, uvute. Ikichanika bila ubishi, hesabu gharama ya bitana mpya kabla hujauliza bei. Juu ya pazia ukikuta utepe wenye kamba za kuvuta, usiogope, fundi yeyote ataukata akuwekee ringi. Kimo kitapungua kidogo, kwa hiyo mpe fundi nafasi.

Sasa turudi kwenye rundo. Kijana amesimama juu ya meza anaimba buku, buku, chagua buku, yaani elfu moja moja, na mikono kibao imo ndani. Usishindane nayo. Vuta kipande kimoja, toka nacho pembeni penye mwanga, kikunjue chote. Shuka huchoka katikati, pale mabega na nyonga zilipolala miaka yote, kwa hiyo pindo zuri lisikudanganye. Linyanyue, jua likae nyuma yake. Kitambaa kizima hupitisha mwanga sawasawa, kilichochoka huonyesha doa kubwa jeupe katikati, na ukitazama karibu unaona nyuzi zimeachana. Shika hapo kwa vidole gumba viwili, uvute taratibu. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi zinazokatika, rudisha. Halafu pitisha kiganja. Vipele vidogo vya nyuzi ni dalili ya mchanganyiko wa poliesta, na haviondoki hata ufue vipi. Mwisho vuta lastiki ya pembe uiachie. Ikilegea usiliache shuka kwa hilo tu, lastiki ni kitu cha hela kidogo na inabadilishwa upesi.

Kujua kitambaa bila lebo si uchawi. Kikunje kwa ngumi, hesabu mpaka kumi, fungua. Pamba na kitani hubaki vimekunjamana, poliesta hunyooka. Dondoshea tone la maji: kwa kawaida pamba hulinywa, poliesta hulikalisha juu. Ukifika nyumbani, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibanio, uchome. Pamba huwaka na kunuka karatasi iliyoungua, ikaacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Jaribio la kiberiti usilifanye sokoni. Karume iliteketea Januari 2022, watu wakapoteza mitaji yao usiku mmoja, na mwenye meza akikufokea kwa kuwasha kiberiti ana haki yote.

Kwa joto la Dar chukua pamba au kitani. Flana, yale mashuka yenye manyoya laini ambayo mkono unayapenda mara moja, ni ya baridi ya Ulaya. Februari ukilalia flana Mbagala utaamka umelowa. Hata duveti nene, waachie watu wa Makete na Lushoto.

Hapo kwenye kitani niruhusu nikae kidogo, maana ndiyo raha yangu mwenyewe. Belo hufungwa huko lilikotoka, mara nyingi kilo 45, na mfanyabiashara hulinunua bila kuona ndani. Likifunguliwa asubuhi, wenye maduka hutangulia, wakachukua yenye maua, yenye rangi kali, yenye majina ya kampuni kubwa. Kinachoshuka kwenye rundo la buku ni pamoja na kile kisichojipigia debe. Kitani cheupe kilichokaa kwenye belo miezi kadhaa hutoka kimekunjamana, kimeingia njano kwenye mikunjo, kizito na baridi mkononi, na watu hudhani ni tambara la kudekia. Kigeuze. Nyuzi zake hazilingani unene, moja nyembamba, inayofuata ina kifundo, na hiyo ni dalili nzuri. Tazama kwenye kona. Ukikuta herufi mbili za uzi mwekundu, mshono wa msalaba, mara nyingine na namba chini yake, umeshika kitu cha zamani. Ulaya ya kale binti aliandaliwa mashuka na vitambaa vya meza kabla ya kuolewa, akavitia alama ya jina lake ili visipotee kwa dobi, na namba ili seti ijulikane. Kitambaa cha namna hiyo kimeshafuliwa miaka na miaka, na kitani huwa imara zaidi kikiwa kimelowa, kwa hiyo kufuliwa hakukuwa adui yake. Unaweza kulalia, kutandika mezani sikukuu, au kukifanya pazia jepesi la dirisha la mashariki. Bei yake Karume itakuwa sawa na ya fulana iliyochuja.

Ndiyo maana nasema chambua vya rangi moja kwanza. Maua humaliza macho. Na ukipata muuzaji mmoja mwenye mzigo wa nyumbani, mwaminifu wa kukuambia "hili lina tundu," mshike, mpe namba yako. Atakupigia siku anapofungua belo, nawe utachagua kabla ya rundo. Inapunguza pia zile safari za kwenda bila shida yoyote, ambazo ndizo zinazojaza kabati.

Haya, mzigo umefika nyumbani. Usiingize chumbani. Uache umefungwa kwenye mfuko wa plastiki pale barazani mpaka uwe tayari kufua. Kunguni ndiye wa kuogopwa kuliko uchafu wowote. Kagua kwenye mishono, pindo na utepe wa pazia: vidoa vyeusi mfano wa ncha ya kalamu, maganda ya rangi ya kahawia, hata mdudu mwenyewe. Mashuka na taulo za pamba zifue kwa maji ya nyuzi 60, yaani maji ya moto ambao mkono hauwezi kuuvumilia, uzamishe kwa mwiko, funika, uyaache mpaka yapoe. Kunguni na mayai yake hawapiti hapo. Pazia lisilostahimili maji ya moto, lifunge vizuri kwenye mfuko na ulilaze siku nne kwenye friza inayogandisha kweli, ya nyuzi 18 chini ya sifuri, au pitisha pasi ya mvuke taratibu mishono yote. Kuanika juani tu hakutoshi, mdudu huhamia upande wa kivuli. Kama wasiwasi wako ni upele, mdudu wake haishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu. Kufungia nguo wiki moja kwenye mfuko na kuifua kwa maji ya moto kunamaliza kazi.

Kuhusu lile pazia jekundu. Kabla ya kufua kitu chochote cha rangi nzito, lowesha kona, ifinye kwenye kitambaa cheupe, uone. Kikichuja, kifue peke yake maisha yake yote. Utaambiwa uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi ishike. Rangi iliyotiwa kiwandani haishikwi na chumvi yako ya jikoni, tumekuwa tukiharibu chumvi bure. Siki ina kazi nyingine: nusu kikombe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza huondoa ile harufu ya belo, ukimalizia na jua na upepo. Ila nakuomba sana, siki isikutane na jiki kwenye ndoo moja, wala jiki na dawa ya choo yenye asidi. Zinatoa gesi inayochoma mapafu, na wewe una mtoto mdogo ndani. Jiki yenyewe ni kwa pamba nyeupe peke yake. Sufu, hariri na lastiki huiva nayo zikakatika. Nguo za mtoto zilizoingia rangi, kama zimeshakauka na kupigwa pasi, sitakudanganya, nyeupe za pamba zinaweza kurudi, nyingine zibaki hivyo hivyo.

Anika kwenye kamba, usitandaze kwenye majani au juu ya ua. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake huingia kwenye ngozi. Piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa shuka la mtoto.

Tumfikie mama mkwe. Hapa futi kamba haina kazi. Wanawake wa rika lake waliolewa wakati shuka jipya lilikuwa heshima ya sandukuni. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza 1968, na miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa zilipoadimika, doti ya khanga mpya ilipangiwa foleni. Milango ya kuagiza bidhaa ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984 mitumba ikamiminika, na wengi wakaiita kafaulaya, wakiamini ni nguo za wazungu waliokufa. Ukimweleza habari za nyuzi 60 atakusikiliza kwa adabu, kisha atatandika khanga yake. Usibishane naye kwenye kitanda. Nunua shuka moja jipya la dukani, pamoja na foronya zake, lifue, lifukize udi, liweke kwenye mfuko wake, liwe la wageni. Siku akija, mtandikie mbele yake. Nyumba haivunjiki kwa kuwa na shuka moja jipya.

Na kwa kweli ana hoja kidogo. Vipo vya mtumba ambavyo hata mimi sivigusi. Nguo za ndani Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, na ukizikuta mezani pita. Mto wa kulalia na godoro visiingie kwako, kwa sababu huwezi kufua ndani yake. Chupa ya kunyonyea mtoto, hapana. Kuhusu lile pazia la sebuleni alilolisifu, akiuliza ulikolinunua mwambie ukweli. Asipouliza, mpe chai.

Kabati. Toa kila kitu, tandaza kitandani, na kwa kila kipande jiulize kitakaa wapi ndani ya nyumba hii, wiki hii. Jibu likiwa "siku tukihamia nyumba kubwa," hicho si chako tena. Kitanda kimoja kinatosha mashuka matatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Yale Double yasiyoenea hayajapotea. Kata foronya, kata mashuka mawili ya kitanda cha mtoto kwa kila moja, kata mifuko ya kuhifadhia nguo. Shuka zuri la pamba lililochoka katikati lina ufundi wake wa zamani: lipasue katikati kwa urefu, geuza zile pande za nje zilizo nzima zije ndani, uziunge kwa mshono bapa, kisha upinde kingo mpya. Mshono utausikia mgongoni siku za mwanzo, halafu unausahau, nawe umepata miaka mingine ya shuka. Zilizobaki wauzie jirani zako. Mumeo amekutania, lakini wazo amekupa. Ukiuza mazuri yasiyokuenea kwa mtu mwenye kitanda cha nne kwa sita, hela ya King ya Kiingereza imepatikana bila kumwomba.

Vyombo sitavikalia sana. Kikombe kiweke juu ya kiganja, kipige kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa husema tok. Bakuli la kioo la kupikia ndani ya oveni lisiwekwe juu ya moto wa jiko wala kumwagiwa maji baridi likiwa moto, litapasuka. Kikaango kisichoshika kikishaanza kubanduka, kiache, hata kama ni cha bure. Chungu cha chuma kizito chenye kutu ya juu juu kinunue, kutu hiyo husuguliwa ikaisha na mafuta hukirudisha. Sahani za kale zenye michoro inayokwaruzika upande wa ndani zitundike ukutani uzitazame. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vitu vichachu, achari, ukwaju, maji ya ndimu, huitoa ikaingia kwenye chakula.

Umeme nao una swali moja tu, na jibu lake limeandikwa chini au nyuma ya kifaa. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kinachosoma 220–240V, 50Hz, kimetoka kwa wenzetu wa umeme wa aina yetu, mwambie muuzaji akiwashe mbele yako dakika kadhaa, usikilize, unuse, uguse waya kama unapata moto. Vya Uingereza vina bahati zaidi, plagi yao ya miguu mitatu bapa ndiyo yetu. Kinachosoma 100–240V nacho ni salama, kinakubali kokote. Kifaa cha Marekani ni volti 120. Cha Japani ni volti 100, na ukikichomeka ukutani kwako, mota yake itavuma kwa nguvu ya ajabu, itoe moshi, na hadithi imeisha. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini ile inayoweza kubeba blenda ina bei kuliko blenda. Geuza hiyo uliyoonyeshwa, soma kibandiko. Ikiandikwa 100V, mwachie mwenyewe na bei yake ya kutupwa.